Jokofu la Chanjo Linapotuma Ujumbe, Nani Anaupokea?

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mtoto anapofikisha umri wa wiki 6, mzazi humpeleka kliniki kupata matone ya polio, chanjo ya kuzuia nimonia, chanjo ya kuzuia kuhara, na chanjo ya pamoja inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na maambukizi ya bakteria wa Hib, ambao husababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia. Mzazi huiona sindano, humsikia mtoto akilia na huitazama tarehe ikiandikwa kwenye kadi. Jambo moja halioni, nalo ndilo linaloamua iwapo sindano ile ni kinga kamili au ni maumivu yasiyo na faida: hali ya joto ambamo chanjo hiyo imehifadhiwa tangu ilipotoka kiwandani hadi ilipofika mkononi mwa muuguzi.

Kwa miaka mingi ulinzi wa hali hiyo umetegemea kipimajoto, karatasi ya kumbukumbu na uangalifu wa mtumishi. Leo vimeongezeka vifaa vinavyopima joto la jokofu usiku na mchana na kutuma taarifa kupitia mtandao wa simu na intaneti, hata pale ambapo zahanati imefungwa. Vifaa hivi ni sehemu ya kundi kubwa la vifaa vya afya vilivyounganishwa na intaneti, ambavyo vinabadilisha namna huduma zinavyotolewa duniani kote, kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa. Makala hii inaeleza namna vinavyofanya kazi, manufaa yake, mipaka yake na wajibu wa kila mmoja katika kuvifanya vilete faida iliyokusudiwa.

Kifaa kilichounganishwa ni kipi?

Si kila kifaa chenye kioo na tarakimu kimeunganishwa na intaneti. Mashine ya kisasa ya kupimia shinikizo la damu huonesha tarakimu, lakini kama tarakimu hizo hubaki palepale hadi mtu azinakili kwa kalamu, mashine hiyo ni ya kidijitali tu. Kifaa kilichounganishwa kina mambo matatu yanayokwenda pamoja.

La kwanza ni kihisi, yaani sehemu ndogo inayotambua kitu fulani, kama vile joto, mapigo ya moyo au kiwango cha sukari, na kukigeuza kuwa tarakimu. La pili ni njia ya kusafirisha tarakimu hizo, ambayo aghalabu huwa ni laini ya simu iliyowekwa ndani ya kifaa chenyewe, kama ile inayowekwa katika simu ya mkononi. La tatu ni mpokeaji: kompyuta inayohifadhi taarifa, na mtu ambaye simu yake hulia pale tarakimu zinapovuka mpaka uliowekwa.

Mambo mawili ya kwanza hununuliwa. La tatu halinunuliwi dukani. Hujengwa kwa utaratibu, mafunzo na uwajibikaji. Ndiyo maana kifaa cha aina moja kinaweza kuokoa akiba nzima ya chanjo katika kituo kimoja, na katika kituo kingine kikawa ni pambo la ukutani.

Maadui wawili wa chanjo

Wananchi wengi wanafahamu kwamba chanjo huharibiwa na joto. Wachache wanafahamu kwamba baridi iliyozidi nayo huiharibu, na kwamba uharibifu wa baridi ni wa hila zaidi kwa kuwa hauonekani kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, majokofu ya chanjo katika vituo vya kutolea huduma hutakiwa kubaki kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi.

Chanjo ya surua na rubela, chanjo ya kifua kikuu inayotolewa kwa mtoto mchanga na matone ya polio huathirika sana na joto, lakini huvumilia kuganda. Chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, chanjo ya homa ya ini aina ya B, chanjo ya pepopunda, chanjo ya kuzuia nimonia na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi haziko hivyo. Ndani ya chanjo hizi mna chembechembe ndogo za chumvi ya alumini ambazo kinga imeshikamana nazo. Chanjo ikiganda, chembechembe hizo hukusanyika na kuwa madonge, na uwezo wa chanjo kuuamsha mwili utengeneze kinga hupungua. Barafu ikiyeyuka, madonge hayo hayarudi katika hali yake ya awali. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huanza kuganda karibu na nyuzi 0.5 chini ya sifuri, kiwango ambacho jokofu lililorekebishwa vibaya linaweza kukifikia katika usiku mmoja.

Dhidi ya joto upo msaada unaoonekana kwa macho. Chupa nyingi za chanjo zina kibandiko chenye duara na mraba mdogo katikati. Mraba huo huwa mweupe chanjo inapokuwa nzima, na hubadilika rangi polepole kadiri chupa inavyokutana na joto. Mraba ukifikia rangi ya duara au kuipita kwa weusi, chanjo hiyo haitumiki. Kibandiko hiki kilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya matone ya polio, nacho kimezuia upotevu na makosa mengi. Hata hivyo, kibandiko hicho hakitambui baridi. Chupa iliyoganda usiku wa Jumamosi na kuyeyuka asubuhi ya Jumapili itakuwa na mraba mweupe usio na dosari siku ya Jumatatu.

Mtumishi anayeshuku kwamba chanjo imeganda ana njia ya kuipima. Huchukua chupa nyingine ya aina ile ile na ya toleo lile lile, huigandisha kwa makusudi, huiyeyusha, kisha huzitikisa chupa zote mbili na kuziacha zitulie. Kama chupa inayoshukiwa inatuama haraka sawa na ile iliyogandishwa, basi imeharibika na haipaswi kutumika. Kipimo hiki kinategemewa, lakini hufanywa na mtu ambaye tayari ana shaka. Asiye na habari ya kilichotokea usiku hana sababu ya kushuku.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mtoto aliyekosa chanjo hujulikana, kwa kuwa nafasi katika kadi yake iko wazi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumfuatilia nyumbani. Mtoto aliyepewa chanjo iliyoganda ana kadi iliyojazwa, mzazi mwenye amani na mwili usio na kinga ya kutosha. Hakuna atakayemtafuta.

Kutoka kipimajoto hadi kihisi

Utaratibu wa msingi unamtaka mtumishi asome kipimajoto cha jokofu mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, siku zote 7 za wiki, na kuandika alichokiona. Utaratibu huo haujafutwa na ujio wa intaneti, wala haupaswi kufutwa, kwa kuwa humlazimisha mtu kusimama mbele ya jokofu na kulitazama: kama mlango unafunga vizuri, kama barafu imezidi, kama chupa zimegusa ukuta wenye baridi kali.

Upungufu wake ni kwamba saa 24 hutazamwa kwa dakika chache tu. Umeme unaweza kukatika saa 4 usiku na kurejea saa 11 alfajiri. Jokofu linaweza kupita kiwango cha kuganda saa 8 usiku, wakati hali ya hewa imepoa na milango haijafunguliwa kwa muda mrefu, kisha likarudi nyuzi 3 kabla ya mtumishi kufika kazini. Karatasi itasomeka vizuri, na itakuwa imesema kweli kuhusu asubuhi ile bila kusema lolote kuhusu usiku uliotangulia.

Kifaa cha kwanza kuziba pengo hilo kilikuwa ni kinasa joto kinachokaa ndani ya jokofu na kutunza kumbukumbu za siku 30. Kifaa hicho hupima joto kila baada ya dakika chache na kuonesha alama ya tahadhari pale mipaka inapovukwa. Hatua iliyofuata ilikuwa kukipa kifaa uwezo wa kutuma habari nje ya chumba. Nchini India, mfumo wa kitaifa ulioanza mwaka 2015 kwa jina la eVIN uliunganisha vihisi vya joto vyenye laini za simu na kumbukumbu za akiba ya chanjo, hivyo msimamizi aliye mbali akaweza kuona hali ya majokofu ya vituo vilivyo chini yake. Vifaa vinavyofanana na hivyo vimeanza kutumika pia katika nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaeleza wakati ambao kifaa kinapaswa kupiga kengele: joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri au zaidi ya hapo kwa dakika 60 mfululizo. Tofauti ya muda huo ina maana yake. Joto huiharibu chanjo polepole, nayo saa chache baada ya mlango kufunguliwa mara nyingi siku ya kliniki haziimalizi nguvu. Kuganda hutokea mara moja na hakurekebishiki. Aidha, kifaa kinacholia kila mlango unapofunguliwa kingezoeleka masikioni, na kengele iliyozoeleka haina tofauti na kengele isiyolia.

Safari ya ujumbe mmoja

Ili kuelewa kazi ya vifaa hivi, ni vyema kuufuatilia ujumbe mmoja tangu unapozaliwa hadi unapozaa matokeo.

Jokofu la zahanati linapoacha kupoza, kihisi hutambua kwamba joto linapanda. Kifaa kina betri yake, hivyo kukatika kwa umeme hakukizimi. Muda uliowekwa unapopita, hutuma ujumbe mfupi kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati na kwa Mratibu wa Chanjo wa Wilaya. Ujumbe hutaja kituo, jokofu, kiwango cha joto na muda ambao hali hiyo imedumu.

Kuanzia hapo intaneti imemaliza kazi yake, na kazi ya binadamu huanza. Mtumishi huamka na kwenda kulikagua jokofu. Kama tatizo ni waya uliochomoka au mlango ulioachwa wazi, hulirekebisha palepale. Kama jokofu limekufa, huzihamisha chanjo katika kisanduku cha ubaridi chenye pakiti za barafu zilizoachwa kwanza zianze kuyeyuka, maana pakiti zilizotoka moja kwa moja kwenye kigandishi zinaweza kuzigandisha chanjo zile zile zinazookolewa. Huzipeleka kituo cha jirani chenye jokofu zima na kuandika muda na idadi. Fundi hutafutwa. Kama ipo shaka kwamba chanjo zimeganda, hutengwa, huandikwa kwamba zisitumike, na Mratibu wa Chanjo hutoa uamuzi baada ya kuzipima.

Katika safari hiyo, kila hatua ina mahali pake pa kukwama. Laini ya kifaa inaweza kuishiwa muda wa maongezi au kifurushi. Mtandao wa simu unaweza kuwa hafifu bondeni. Betri inaweza kuchakaa bila kubadilishwa. Mtumishi aliyesajiliwa kupokea ujumbe anaweza kuhamishiwa mkoa mwingine huku namba yake ikibaki kwenye mfumo, na jokofu likaendelea kumwomba msaada mtu aliye mbali na asiye na ufunguo wa chumba. Ujumbe unaweza kufika kwa mtu sahihi kwa wakati sahihi, naye akakosa pikipiki yenye mafuta au kisanduku cha ubaridi kilicho tayari.

Kwa hiyo, ubora wa mfumo wa namna hii haupimwi kwa idadi ya vifaa vilivyofungwa. Hupimwa kwa kuuliza swali moja: kati ya kengele kulia na chanjo kuwa salama, umepita muda gani?

Mzazi anapoambiwa arudi siku nyingine

Lipo jambo moja linaloweza kuleta manung'uniko vituoni, nalo linastahili kuelezwa wazi. Mzazi anaweza kutembea umbali mrefu akiwa amembeba mtoto, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, kisha akaambiwa kwamba chanjo fulani haitatolewa siku hiyo kwa kuwa akiba imetengwa baada ya jokofu kupata hitilafu. Ni haki yake kuumia moyo. Nauli imetumika, kazi ya shambani imesimama, na mtoto hajapata alichokifuata.

Hata hivyo, siku hiyo mfumo umemlinda mtoto wake. Kama kihisi kisingekuwepo, au kama ujumbe wake ungepuuzwa, mtoto angechomwa sindano na mzazi angerudi nyumbani ameridhika, pasipo mtu yeyote kujua kwamba kinga haikuingia. Kati ya usumbufu unaoonekana na hatari isiyoonekana, mtumishi mwadilifu huchagua usumbufu.

Uchaguzi huo haumwondolei mtumishi wajibu wa kumheshimu mzazi. Mzazi anayerudishwa anastahili kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kupewa tarehe ya kurudi au kuelekezwa kituo cha karibu chenye chanjo, na kuandikiwa tarehe hiyo kwenye kadi. Pale hitilafu inapojulikana mapema, kituo kinapaswa kuwajulisha wananchi kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ofisi ya kijiji, ili pasiwe na mtu wa kusafiri bure. Kwa upande wake, mzazi anaombwa asikate tamaa. Chanjo iliyocheleweshwa kwa siku chache huendelea kutolewa kuanzia pale ilipoishia. Mtoto haanzi upya.

Vifaa vingine, kanuni ile ile

Jokofu la chanjo ni mfano ulio karibu na wananchi wengi, lakini kanuni yake inavihusu vifaa vingine vilivyounganishwa.

Mashine ya GeneXpert hupima makohozi ili kutambua vimelea vya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake Desemba 2010, na sifa yake kubwa ni kutoa majibu kwa takriban saa 2 pamoja na kuonesha iwapo vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Ikiunganishwa na mtandao, mashine hiyo inaweza kupeleka majibu moja kwa moja kwa mtoa huduma na kwa wasimamizi wa mpango wa kifua kikuu. Bila muunganiko huo, majibu yaliyopatikana kwa saa 2 yanaweza kumsubiri mgonjwa kwa wiki 2 yakiwa kwenye karatasi mezani, huku mgonjwa akiendelea kukohoa katika chumba anacholala na familia yake.

Kwa wagonjwa wa kisukari, kipo kihisi kidogo kinachobandikwa kwenye mkono au tumboni, ambacho hupima sukari iliyomo katika majimaji ya chini ya ngozi kila baada ya dakika chache na kuonesha matokeo kwenye simu. Kifaa hiki bado ni ghali kwa familia nyingi. Manufaa yake ni makubwa hasa usiku, kwa kuwa hutoa kengele sukari inaposhuka mno wakati mgonjwa amelala. Lakini hata kengele hiyo humfaa mgonjwa pale tu ambapo mwenyewe anaamka, au yupo mtu ndani ya nyumba anayejua kwamba dawa ya haraka ni kinywaji chenye sukari.

Wapo pia wagonjwa wa moyo waliopandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo, huduma ambayo nchini hupatikana katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Baadhi ya aina za vifaa hivyo duniani huweza kutuma taarifa za mapigo kwa daktari mgonjwa akiwa nyumbani. Katika mifano yote hii, kifaa hakitibu kwa kutuma taarifa; humwezesha mtu anayetibu kujua mapema zaidi.

Siri ya mgonjwa na usalama wa mtandao

Kiwango cha joto la jokofu si siri ya mtu. Majibu ya kifua kikuu, kiwango cha sukari na mapigo ya moyo ni siri ya mwenye mwili. Kadiri taarifa za namna hii zinavyosafiri kwa intaneti, ndivyo ulinzi wake unavyohitaji kuimarishwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani, na ana haki ya kuomba zisahihishwe zinapokuwa na makosa. Mtumishi anayepiga picha daftari la wagonjwa na kuituma kwenye kundi la simu, hata kwa nia njema ya kuharakisha kazi, anaiweka siri hiyo mikononi mwa watu wasiohusika. Kwa upande wa vifaa vyenyewe, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo yenye jukumu la kusimamia ubora, usalama na ufanisi wake. Hivyo mwananchi anayenunua kifaa cha kupimia afya anashauriwa kukinunua kwa muuzaji anayetambulika.

Matukio ya mwaka 2017 yaliufundisha ulimwengu kwamba usalama wa mtandao ni sehemu ya usalama wa mgonjwa. Mwezi Mei mwaka huo, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilizifunga kompyuta katika nchi nyingi. Nchini Uingereza iliathiri taasisi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali na huduma za afya za umma katika eneo la England, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimewekewa masahihisho ya programu yaliyokuwa yametolewa kabla ya shambulio. Mwezi Agosti, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo vipatavyo 465,000 nchini humo vilihitaji masahihisho ya programu, kwa kuwa vilikuwa na udhaifu ambao ungeweza kumruhusu mtu asiye na idhini kuviingilia. Haikuripotiwa kwamba mgonjwa yeyote alidhurika, na masahihisho yalifanyika kwa dakika chache kliniki bila upasuaji.

Mafunzo yake kwa kituo kidogo cha afya ni mepesi kuyatekeleza. Nywila iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani ibadilishwe. Nywila isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, wala isitumiwe na watumishi wote kwa pamoja. Masahihisho ya programu yawekwe yanapotolewa. Kompyuta ya kituo isitumike kupakua filamu na michezo. Mtumishi anayehama aondolewe kwenye mfumo siku ya kukabidhi ofisi, kama anavyorejesha funguo.

Wajibu wa kila upande

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfumo wa vifaa vilivyounganishwa, nyufa zinafahamika mapema na nyingi huzibwa kwa gharama ndogo kuliko thamani ya chanjo zinazoweza kupotea.

Upande wa Halmashauri, ambayo huandaa Mpango Kabambe wa Afya wa kila mwaka, kifaa kinapopangiwa fedha kinapaswa kuambatana na fedha za kukihudumia: kifurushi cha mtandao, betri za akiba, matengenezo ya jokofu na mafuta ya kuwafikia wanaohitaji msaada. Orodha ya wapokeaji wa ujumbe ihakikiwe kila mtumishi anapohama au kwenda likizo, na kila kituo kiwe na mpango ulioandikwa unaoeleza chanjo zitapelekwa wapi jokofu likifa, nani atazipeleka na kwa chombo gani.

Upande wa Kamati ya Usimamizi ya kituo, ambayo wananchi wana wawakilishi wao ndani yake, yapo maswali yanayofaa kuulizwa katika kila kikao: jokofu limepata hitilafu mara ngapi tangu kikao kilichopita, ujumbe ulipokelewa na nani, hatua gani zilichukuliwa, na chanjo kiasi gani ziliharibika. Majibu ya maswali hayo hayahitaji utaalamu wa kompyuta, nayo humfanya kila mhusika ajue kwamba kuna anayefuatilia.

Upande wa wananchi, yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa kila kijiji. Jokofu la chanjo lisiombwe kuhifadhi maji, soda, samaki wala nyama, kwa sababu kila mlango unapofunguliwa bila sababu ubaridi hupungua. Paneli za sola zinazoendesha jokofu zilindwe dhidi ya wizi, zisafishwe vumbi, na matawi yanayozitia kivuli yakatwe. Jokofu la sola la aina isiyotumia betri hutakiwa kuhifadhi ubaridi kwa angalau siku 3 bila jua la kutosha, lakini uwezo huo hutegemea paneli zinazopata mwanga kila siku. Umeme wa paneli hizo usigawanywe kwa ajili ya kuchaji simu. Mwisho, mwananchi anayeona paneli imevunjwa au waya umekatwa atoe taarifa kwa Mganga Mfawidhi, kwa Mwenyekiti wa Kijiji au kwa Afisa Mtendaji bila kusubiri siku ya kliniki.

Mzazi naye anahimizwa kuitunza kadi ya mtoto, kuzingatia tarehe na kuuliza anapokuwa na shaka. Swali la kama chanjo imehifadhiwa vizuri ni swali halali kwa muuguzi yeyote, na muuguzi anayetunza kumbukumbu zake hana sababu ya kuchukizwa nalo. Anaweza kumwonesha mzazi kibandiko kwenye chupa na karatasi ya joto iliyo kwenye mlango wa jokofu.